Mshitakiwa Namba Moja ni Pampu

Gari la dizeli likiugua hapa Karatu, hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa. Likikosa nguvu, pampu. Likitoa moshi, pampu. Likigoma kuwaka asubuhi ya baridi, pampu. Siku moja tairi langu la nyuma lilipata pancha mbele ya wacheza bao, na mzee mmoja akainua macho kutoka kwenye kete zake akaniuliza kama pampu nilishaipima mwaka huu.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu. Navitoa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Land Cruiser pikapu ya zamani, ile wanayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Injini yake ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990. Wauzaji husema injini hiyo haifi. Ni kweli, haifi. Anayekonda ni mwenye gari.

Kwa kumtendea haki mshitakiwa, tuseme kwanza kazi yake. Ndani ya pampu ile mna pistoni moja ndogo inayozunguka huku ikienda mbele na nyuma, na hiyo moja ndiyo inayozigawia silinda zote sita dizeli, kila moja kwa zamu yake. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni hiyo inasukuma dizeli mara 100 kila sekunde, kwa nguvu inayozidi upepo wa tairi zaidi ya mara 50. Nafasi iliyopo kati yake na ukuta wake haipenyezi hata unywele. Wala hailainishwi na oili ya injini. Kilainishi chake ni dizeli hiyohiyo inayopita. Kwa kazi yote hiyo inaomba kitu kimoja tu: mafuta safi, yasiyo na maji wala hewa. Ningekuwa na vibarua wenye tabia hiyo, leo ningekuwa nauza vitunguu Dubai.

Matatizo yalianza pale gari lilipokosa nguvu kwenye mlima wa kutoka Mang'ola. Vitunguu vilikuwa vilevile, mlima uleule, ila gari likawa linapanda kama mgonjwa anayepelekwa kwa mkwe. Fundi wa kwanza alisikiliza injini kwa muda mfupi, akafuta mikono kwenye suruali.

“Mama Vitunguu, pampu imechoka. Inataka kuongezewa mafuta.”

Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kupunguza na kuongeza dizeli, nayo ilikuwa na muhuri wa kiwandani. Nikamuuliza muhuri ule ni wa nini.

“Huu? Wa usafiri tu, isilegee melini.”

Kabla sijatafakari jibu hilo, alikuwa ameshaukata. Nguvu haikurudi. Kilichokuja ni moshi mweusi, mwingi, wenye bidii. Moshi wa namna ile ni dizeli iliyozidi hewa ya kuiunguza, yaani nilikuwa nanunua mafuta sheli na kuyapaka kwenye mashuka meupe ya jirani yangu mwenye nyumba ya wageni. Jirani huyo alikuja kunieleza jambo hilo, na mtaa mzima ukamsikia. Fundi aliposhauriwa airudishe skrubu ilipokuwa, alisema hakumbuki ilipokuwa, lakini kama kawaida, shida ni pampu.

Halafu kuna ile siku gari lilipozima ghafla katikati ya safari, nyuma kukiwa na magunia na abiria wa lifti. Ndani ya muda mfupi baraza lilikuwa limekamilika: dereva mstaafu, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa bodaboda, na bwana mmoja aliyewahi kumiliki mashine ya kusaga. Wote walikubaliana kuwa pampu imevuta hewa. Ikaletwa spana namba 17, nati za nozeli zote sita zikalegezwa. Filta ikafunguliwa. Mwalimu akajitolea kuvuta dizeli kwa mdomo kwenye mpira wa kutoka tangini, akaipata, na tangu hapo hakuchangia tena hoja.

Likapita lori, likasimama. Utingo akashuka kuomba maji ya kunywa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Huu waya unaning'inia, si ulikuwa hapa juu ya pampu?”

Juu ya pampu ile kuna kifaa kidogo cha umeme kinachofungua njia ya dizeli unapowasha ufunguo na kuifunga unapozima. Waya wake ukichomoka, injini inanyamaza kana kwamba wewe mwenyewe umeizima. Utingo aliurudisha waya, akanywa maji, akaondoka. Kilichotuchelewesha hadi jua kuzama ni kuitoa ile hewa, ambayo haikuwamo mpaka baraza lilipoanza kuitafuta.

Mwishowe nikalipeleka gari Arusha, Unga Limited, kwa fundi ambaye kazi yake ni pampu na nozeli tu. Nilijiandaa kwa msiba. Yeye hakushika hata spana. Alifungua filta, akanusa kilichomo, akaomba chupa ya maji iliyo tupu na safi. Akajaza dizeli ya gari langu, akaiweka dirishani, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake chupa ilikuwa na ghorofa mbili: juu dizeli, chini maji, na sakafuni tope jembamba.

“Mama, mafuta unanunua wapi?”

Nikamtajia kijiji, na bwana anayeuza kwenye madumu na kuyachuja kwa kipande cha kanga. Bwana huyo ana falsafa yake: injini ya dizeli hunywa chochote. Historia haimpingi moja kwa moja, maana kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ilionyeshwa injini ya dizeli ikitumia mafuta ya karanga. Lakini karanga za Paris hazikupitia kwenye dumu lililobeba maji ya kunyweshea ng'ombe. Kanga huzuia majani na nzi. Maji hupita, hutua ndani ya pampu, na chuma huanza kushika kutu. Mafuta ya taa nayo, yakichanganywa kwenye dizeli, hayana ulaini wake, na pampu iliyozoea kulainishwa huanza kusagika. Ndiyo maana Watanzania tuliposumbuliwa na wachakachuaji, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Dumu la kijijini, kwa bahati mbaya, halisomi gazeti la serikali.

Fundi alibadilisha filta, akasafisha tangi, akaipima pampu kwenye mashine yake na kuirudisha ile skrubu kwenye kipimo.

“Pampu yako nzima,” akasema.

Angeweza kuilaumu akalipwa mara kumi, na ndiye pekee aliyeitetea. Wote walioihukumu walikuwa hawajawahi kuona ndani yake mna nini.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari la dizeli, ukikosa nguvu mlimani, anza na vya bei rahisi. Mwaga maji yaliyotuama kwenye kikombe kilicho chini ya filta. Badilisha filta yenyewe. Kwa vumbi la huku mimi sipitishi kilomita 10,000. Kagua mipira kama imepasuka, maana panapoingia hewa hapatoki dizeli kila mara. Tazama ule waya. Usiruhusu mtu kukata muhuri kwa maelezo ya meli. Na pampu ikilazimika kufunguliwa, ifunguliwe kwenye chumba safi na mwenye mashine ya kuipimia, kwa sababu ikifunguliwa juu ya gunia chini ya mwembe, hata iliyoingia nzima itatoka mgonjwa, na bei ya nyingine ni vitunguu vya msimu mzima.