Jinsi ya Kuwa na King'ora cha Moto Kisichomsumbua Mtu

Hongera, mwenye jengo. Ghorofa sita Kariakoo, maduka chini, wapangaji juu, na sasa unaambiwa uweke mfumo wa kugundua moto. Usihangaike. Sogea nikunong'oneze.

1. Nunua, tena usione uchungu. Vitambua moshi vyeupe, vya duara, kila dari. Mgeni akitazama juu atajua huyu bwana si mtu wa mchezo.

2. Siku ya kupaka rangi vivishe vifuniko vya plastiki, kisha visahau. Ndani ya kitambua moshi kuna kichumba cheusi: kitaa kinamulika huku, jicho linatazama kule, havionani. Moshi ukiingia unatawanya mwanga, jicho linaushtukia, kelele zinaanza. Sasa utaingiaje na mwenzako kavaa kofia? Ukiulizwa, sema mafundi rangi hawajamaliza. Huu mwaka wa pili.

3. Fundi akikushauri uweke kitambua joto kwenye jiko la mgahawa, kile kinachosubiri nyuzi joto 57 hivi ndipo kilie, kataa. Weka cha moshi, juu ya kikaango kabisa. Kitalia asubuhi, kitalia mchana, na kufika Ijumaa jengo zima litakuwa limeelewa: king'ora kikilia, chapati tayari. Hatanyanyuka mtu.

4. Hapa tulia, ndipo penye ufundi. Paneli ni sanduku lenye tabia mbaya ya kusema kweli. Usiku na mchana linapitisha umeme kidogo kwenye kila waya, na mwisho wa waya kuna rizista, kidude kama punje ya mchele, kazi yake kuitika. Panya akikata waya, hakuna anayeitika. Taa ya njano inawaka, buza inalia pii, pii, pii, mlinzi halali. Fundi mwaminifu atataka kuufuata ule waya ghorofa hadi ghorofa, siku mbili, na nauli juu. Fundi wetu atauchomoa waya, aing'oe rizista kule iliko na kuifunga humo humo ndani ya sanduku. Paneli inaita, paneli inajiitikia. Taa ya kijani. Dakika kumi na soda baridi.

5. Betri mbili za volti 12 zimelala humo zikingoja umeme ukatike. Uvivu gani huo! Moja mpe mlinzi kwa redio yake, atakuombea dua. Paneli ikinuna, kuna kitufe cha kunyamazisha buza. Utakitambua: maandishi yake yameshafutika.

6. Kile kisanduku chekundu cha kuvunja kioo kinapendeza sana nyuma ya friji la soda.

7. Mkaguzi akija na kopo lake la moshi wa majaribio, mpeleke mapokezi. Kile cha mapokezi ni kizima. Mengine ya juu, lifti mbovu, ngazi zimepigwa deki, pole sana afande.

8. Ukiamshwa usiku na harufu ya kuungua, piga 114, zimamoto. Watakuuliza moto uko ghorofa ya ngapi. Hilo ndilo paneli ilinunuliwa kulijua, kwa hiyo shuka ukaiangalie. Kijani.