Noti Yangu Ilikaguliwa Kuliko Gari Lake

Mpaka sasa masikio yananiwaka. Mbele ya mama wauza samaki, vijana wa pikipiki na mtu mmoja aliyesimamisha chukudu lake, ile skuta ya mbao, lililobeba makala (mkaa) ili tu atazame, noti yangu ya dolari mia ya kununulia gari ilikataliwa pale njia panda ya Sake, karibu na Goma. Haikuwa bandia. Ilikuwa na mpasuko pembeni, mfupi kuliko punje ya mchele.

"Papa, hii iko na kapasuko," komisioneri, dalali wa gari, aliniambia kwa huruma.

Aliipima vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kwanza aliikunja karibu na sikio asikie inavyolia. Akapitisha ukucha kwenye koti la Benjamin Franklin, kwa sababu hapo wino wa noti ya kweli umeinuka na ukucha unakwaruza. Akaiinua juani: Franklin wa pili, aliyefichwa ndani ya karatasi upande wa kulia, akajitokeza. Ule utepe wa buluu, ulioanza kutumika 2013, akauinamisha huku na huku mpaka vikengele vikageuka kuwa namba 100. Mwenye gari akaichukua, akaanza upya. Kambisti, mbadilisha fedha, akaitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mama mmoja wa samaki akafuta mikono, akaomba naye aone.

Karatasi yenyewe ni pamba robo tatu na kitani robo moja, ndiyo maana huvumilia jasho la mifukoni miaka na miaka. Kule Marekani noti yoyote iliyotolewa tangu 1861 bado ni halali, na iliyochanika, ikibaki zaidi ya nusu, benki huibadilisha. Pale njia panda Marekani haina sauti. Dolari ikipasuka kidogo tu imekwisha, na kambisti aliyeitwa kuthibitisha ugonjwa ndiye huyo huyo aliyejitolea kuinunua, kwa themanini.

Ungefanya nini? Noti yetu ya Kongo kubwa kuliko zote ni ya franka 20,000, haifikii dolari kumi. Ukitaka kununua gari kwa franka, tafuta gunia. Na benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipobadilisha mikono vitani. Noti tulizobaki nazo zikaendelea kuzunguka na kuchakaa mikononi mwetu, na kila inapochakaa moja, kuna anayekula tofauti. Mama aliyelipwa noti ya franka iliyounganishwa kwa skochi ataipeleka wapi? Walioamuru benki zifungwe na waliosababisha zifungwe, sijasikia hata mmoja wao aliyelipwa kwa noti yenye skochi. Nilichukua themanini.

Gari lenyewe lilikaguliwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa mwenyewe aliona kila swali ni tusi. Dashibodi ilisema kilometa 84,000 na ushee. Ningesadiki, kama nisingefungua mlango wa dereva. Gereji za Japani zina tabia moja ninayoipenda mno: gari likibadilishwa oili, hubandikwa kijikaratasi kwenye fremu ya mlango, chenye tarehe na kilometa za siku hiyo. Mara nyingi hakuna anayekibandua. Gari linauzwa, linapanda meli, linashuka Mombasa au Dar es Salaam, linavuka mipaka, na mahali fulani njiani kuna fundi wa kulirudishia ujana wake. Lakini fundi huyo hushughulika na dashibodi, milango haisomi. Kijikaratasi cha gari hili kilikuwa kimepauka, ila namba zilisomeka: 151,300. Na mwaka: 22.

"Unaona?" mwenye gari akachangamka. "Elfu mbili makumi mbili na mbili. Gari iko mutoto!"

Nikamweleza. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989, na mwaka huohuo ukahesabiwa kuwa wa kwanza. Basi mwaka wa 22 ni 2010. Mfalme Akihito alipong'atuka tarehe 30 Aprili 2019, enzi ikafungwa naye, na kesho yake wakaanza tena kwa moja. Kijikaratasi cha 2022 kingeandikwa 4. Nilisema haya yote kwa furaha, nimeinama mlangoni, kidole kwenye namba. Mwenye gari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, uko mwalimu?"

Watu wakacheka. Bei haikushuka hata dolari moja. Nikamuuliza basi, zile kilometa 67,000 zilizopotea zimekwenda wapi?

"Zile ilitembea kwao. Huku kwetu haiyatembea bado."

Moshi ulikuwa wa buluu, maana yake injini inakunywa oili. Fundi wangu, aliyelala chali juu ya mawe meusi ya volkano, alipokea tone la oili jichoni. Redio ni ya Kijapani, inaishia megahezi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwenye mlima wa kuelekea Mushaki tulipitwa na mtu anayesukuma chukudu.

Nikalinunua.

Usukani uko kulia, na Kongo tunapita kulia, kwa hiyo dereva unakaa upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori, unachokiona ni lori. Kutaka kulipita ni lazima kiti cha kushoto kikaliwe na mtu mwenye macho, achungulie, aseme "pita," nawe umwamini kwa maisha yako yote. Kazi hiyo haina leseni wala mshahara, na magari mengi ya huku hayaendi bila mtu huyo. Mimi nimempata jirani yangu, mtu mkweli na mwangalifu. Jana tulitoka Sake nyuma ya Fuso, lori la makala. Alinitangazia kila kilichokuja mbele: pikipiki, Fuso lingine, mbuzi, wanafunzi, mbuzi yule yule akirudi. Neno "pita" halikumtoka. Kilometa 25 na ushee baadaye tuliingia Goma, weusi usoni, nyuma ya Fuso lile lile, na jirani akaniambia tumshukuru Mungu, barabara ilikuwa nzuri.