Wanawake Hawanunui

Mwaka 1984, jijini New York, Candida Royalle, aliyewahi kucheza filamu za ngono, alianzisha kampuni yake, Femme Productions. Wazo lake lilikuwa la kichaa kabisa: mwanamke kwenye filamu awe na hamu yake mwenyewe, watu wazungumze kabla ya kuvuana nguo, na mambo yasimalizikie kila mara kwa mwanamume, kana kwamba yeye ndiye mwenye shughuli.

Wakubwa wa biashara wakatikisa vichwa. Wanawake hawanunui vitu hivi, walishikilia, kwa uhakika wa watu wasiowahi kumuuliza mwanamke hata mmoja. (Labda wake zao hawakuwa nyumbani.) Lakini deki za video zilikwishaingia sebuleni, na hapakuwa na haja tena ya kujipenyeza kwenye sinema za vichochoroni. Kanda za Royalle zikauzika.

Ndipo wakubwa walewale wakavumbua, kwa akili zao wenyewe bila shaka, bidhaa mpya: filamu za wapenzi. Wakaongeza mishumaa na mapazia ya hariri. Mwanamume akabaki palepale katikati, ila sasa amechana nywele.

Jijini Toronto walipoanza kuzitunuku filamu za ngono za kifeministi mwaka 2006, hata kejeli zilikuwa zimechakaa. Siku hizi wakubwa nao hujiita marafiki wa wanawake. Ukigusia mkataba, malipo na ridhaa kabla kamera haijawashwa, ghafla wanakumbuka kwamba wao ni wasanii, na msanii hapangiwi.