Moku ya Februari, Aibu ya Machi

Hakuna maandishi yanayosomwa kwa makini shuleni kuliko karatasi ya matokeo ya moku, yaani mtihani wa majaribio, gundi yake ikiwa bado mbichi ubaoni. Vitabu vya kiada hupumzika rafuni hadi vikaota vumbi, ila karatasi hii husomwa mpaka mstari wa mwisho, na hasa mstari wa mwisho. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita hufika akijifanya anapita tu kuelekea bwenini. Kidole chake huanzia juu kwa matumaini, huvuka katikati kwa adabu, kisha huporomoka hadi jina lake linapokaa pembeni ya namba 21. Kwingine kote 21 ni nyingi kuliko 3, lakini hapa hesabu imepinduliwa: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumlisha masomo matatu ya tahasusi: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 na 21 ni ziro. Mashine hii inakata kwa namna ya kustaajabisha. Alama 35 ni S, 34 ni F. Kwa hiyo mwenye S mbili na F moja ana pointi 19 na daraja la nne, na akisahau kuandika kizio mwishoni mwa jibu moja la Fizikia, S inageuka F, 19 inakuwa 20, naye ni ziro wa kubandikwa ukutani. Akivuka salama hadi kuomba chuo, hesabu hupinduliwa tena: A inakuwa 5, E inakuwa 1, na mlango wa shahada hudai masomo mawili yenye jumla ya angalau 4.0.

Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na tarehe. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita nchini Tanzania huanza Mei, na katika mikoa mingi moku huangukia karibu na Februari. Kwenye kalenda nafasi inaonekana ya kutosha, mpaka uhesabu karatasi. Mwanafunzi wa PCB ana Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo karatasi tatu, moja ikiwa ya maabara. Ongeza BAM (hisabati tumizi) na GS (maarifa ya jumla), karatasi moja moja, unapata karatasi 11. Tuseme shule ina wanafunzi 100 wa tahasusi hiyo. Mwalimu wa Baiolojia peke yake ana karatasi 300, na akitumia dakika kumi kwa kila moja, hizo ni saa 50 za kalamu nyekundu, huku vipindi vikiendelea na mada za mwisho zikimsubiri. Kwa hiyo alama hutoka Machi, na zinazotoka ni alama tu. Karatasi zenyewe, ambamo mna maelezo ya kwa nini mtu amepata 34, hubaki zimefungwa kamba ofisini.

Na sehemu kubwa ya faida ya moku imo katika karatasi hizo; iliyobaki inahitaji muda. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma; wengine wakarudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia 42. Kujipima, basi, ni njia ya kusoma, na matunda yake huchelewa kuiva. Moku ni kama kujaribu nguo kwa fundi cherehani: ina maana pale tu muda wa kufumua na kushona upya umebaki. Anayejaribu suti wakati wageni wameshaketi ukumbini amekwenda kuzomewa tu.

Watasema silabasi haijaisha, basi moku isogezwe mbele zaidi. Lakini anayesubiri mada ya mwisho atajikuta Aprili, na mada ambayo haijafundishwa humpima mwalimu, ingawa jina linalobandikwa ni la mtoto. Heri mitihani midogo tangu Kidato cha Tano, kila mada ikiisha, karatasi mia moja fupi mezani badala ya mia tatu ndefu. Watasema mtoto lazima azoee kuandika saa tatu mfululizo akichungwa na saa ya ukutani. Hilo ni kweli, na kwa ajili yake moku moja kamili yatosha, Januari shule zikifunguliwa. Watasema woga huamsha. Woga humwamsha aliyepata pointi 13 akitaka 12. Aliyepata 21 anajifunza kwamba kitabu hakimsaidii, na anajifunza hivyo vizuri sana. Wengine watakumbusha Uingereza, Agosti 2020, mitihani ilipofutwa kwa ajili ya korona na serikali ikatangaza kwamba alama za moku zingeweza kutumika katika rufaa. Siku chache baadaye yakachukuliwa makadirio ya walimu badala yake.

Baada ya moku huja mtihani wa ujirani mwema, ambao shule jirani hutungiana maswali ya kukomoana. Kisha huja pre-Nekta, jaribio la mwisho kabla ya mtihani wenyewe wa Nekta, baraza la mitihani la taifa.

Hapo ucheshi unanikauka. Mzazi huchangia karatasi na uchapaji, mwalimu husahihisha usiku bila posho, mwanafunzi hukesha, na jasho lao wote linaishia kuwa orodha ya kumwonyesha mkaguzi. Ratiba ya moku na iandikwe tarehe mbili: siku ya kuufanya mtihani, na siku ambayo kila mwanafunzi atashika karatasi yake iliyosahihishwa huku mwalimu akipitia swali baada ya swali. Ikiwa tarehe ya pili haipatikani, ya kwanza ifutwe, na siku hizo wapewe watoto wasome.