Kadodi Yahamia Kompyuta Mpya: Barua kutoka Waltham kwa Jamaa wa Nabuyonga

Maktaba ya muziki iliyomo ndani ya kompyuta ni vitu viwili vinavyokaa nyumba moja. Cha kwanza ni nyimbo zenyewe, yaani faili. Cha pili ni daftari la programu, ambalo halina hata sekunde moja ya muziki: limeandikwa tu kila wimbo unalala folda gani, uliingia lini na umepigwa mara ngapi. Mtu wa Mbale anayeishi Waltham, mji wa Massachusetts wenye Waganda wengi, huzijua tofauti hizi siku laptopu yake ya zamani inapoanza kuunguruma kama mashine ya kusaga posho.

Kosa la kwanza ni kuhamisha daftari peke yake, ambalo ni sawa na kuhama na kitabu cha wapangaji huku wapangaji wenyewe wameachwa. Kwenye kompyuta mpya majina yote yanaonekana, yamepangika vizuri, lakini hakuna kinacholia. iTunes, programu iliyotoka mwaka 2001, huweka alama ya mshangao kando ya wimbo ilioutafuta ikaukosa. Mwenye maktaba naye anashangaa, wanakuwa wawili.

Kosa la pili ni kinyume chake: kubeba faili na kuliacha daftari. Muziki unalia, ila kumbukumbu zimefutika. Wimbo wa Krismasi wa Philly Lutaaya, ambaye naye alikuwa mtu wa ughaibuni, Stockholm, unaandikwa kuwa haujapigwa hata mara moja. Hakuna Mganda atakayeamini.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kukusanya. Nyimbo za mtu aliyehamahama zimetawanyika: nyingine kwenye flashi, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye folda iliyopewa jina «Mpya» miaka kumi iliyopita. Programu nyingi za muziki zina amri ya kuleta faili zote chini ya folda moja, na itolewe kabla ya kuhama. Folda hiyo ikiwekwa kwenye kompyuta mpya kwa anwani ileile ya zamani, daftari halitapotea njia. Diski iliyoitwa D ikigeuka E, mshangao unarudi.

Kisha huja majina. Mwaka 1996 ilibuniwa lebo ya ID3, inayobandikwa mkiani mwa faili ya MP3. Toleo lake la kwanza lina baiti 128 tu, na jina la wimbo limetengewa herufi 30, nafasi tupu nazo zikihesabiwa. Mfano uko nyumbani: Wamasaba hufungua msimu wa imbalu, yaani tohara, mwezi Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kwenye uwanja wa Mutoto nje ya mji wa Mbale, na ngoma ya kadodi ndiyo inayowasindikiza vijana wanaotahiriwa. Mtu aliyeirekodi kwa vipande viwili akaandika «Kadodi Mutoto Agosti 2008 upande wa kwanza» na «Kadodi Mutoto Agosti 2008 upande wa pili», vyote viwili atavikuta vinaitwa «Kadodi Mutoto Agosti 2008 upan». Akidhani ni wimbo mmoja uliojirudia, anafuta mmoja, na vijana wanabaki wamecheza njia nzima bila kufika.

Lebo hiyo pia iligawa muziki wote wa dunia katika aina 80, kuanzia nambari 0 hadi 79. Polka ina nambari yake, 75. Kadodi haina, taarab haina. Ipo nambari 48, ya muziki «wa kikabila», ambamo mataifa mengi yanatarajiwa kubanana kama abiria wa taksi ya Mbale kwenda Jinja mkesha wa Krismasi.

Kunakili kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 1 kwa kila dakika, hivyo nyimbo 3,000 za dakika nne nne ni kama gigabaiti 12. Zinaenea kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba.

Kishawishi cha kukataa hapa ni kugeuza faili ziwe za aina nyingine «ili ziwe bora». MP3 huwa imekwisha kutupa sehemu ya sauti ili ipungue ukubwa. Ikikandamizwa tena inapoteza zaidi, kama fotokopi ya fotokopi. Wa kwanza kuumia ni embaire ya Wasoga, marimba kubwa ambayo mbao zake hulazwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Ikigeuzwa mara tatu, shimo linabaki, mbao zinapotea.

Nyimbo nyingi zilizonunuliwa kwenye duka la iTunes kabla ya mwaka 2009 zina kufuli, na hupigwa kwenye kompyuta zisizozidi tano zilizopewa idhini. Kompyuta ya zamani ivuliwe idhini kabla ya kutumwa kwa mpwa aliyeko Jinja. La sivyo itaendelea kuhesabiwa, kama mtu aliyehama kijiji lakini jina lake bado limo kwenye rejista ya LC1, yaani baraza la kijiji.

Baada ya hapo, faili zihesabiwe pande zote mbili, kisha wimbo mmoja upigwe mwanzo hadi mwisho. Katika ghorofa yenye kuta nyembamba, kadodi inafaa kuliko wimbo mwingine wowote. Jirani akigonga ukuta mapema, mwanzo wa faili ni mzima. Akiwa bado anagonga ngoma inapokwisha, mwisho nao ni mzima, na simu ya mwenye nyumba iko njiani.

Kanuni ya watunza kumbukumbu ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa mtu wa Waltham, mbali ni Mbale. Kwa mtu wa Mbale, mbali ni Waltham. Mwishoni mwa Julai 2022 mto Nabuyonga na mto Namatala ilifurika mjini Mbale, ikaua watu na kuingia majumbani. Kitu kilichokuwa na nakala moja tu ndani ya nyumba hizo hakikuwa na pa kurudia.

Flashi inayokuja kwa mkono wa msafiri kupitia Entebbe iwekwe juu ya kabati, si uvunguni, na mpwa asiifute ili apate nafasi ya filamu. Nao watakaorekodi Mutoto mwaka wa shufwa ujao wanaombwa watume ngoma Waltham zikiwa na majina yasiyozidi herufi 30.