Ukoloni Uliofuliwa na Kupigwa Pasi

Wanaosema historia ni chungu hawajafika Williamsburg, mji wa makumbusho huko Virginia, Marekani. Pale karne ya 18 imefuliwa, ikapigwa pasi, na inaingiwa kwa tiketi. Kuanzia miaka ya 1920, kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo, makao makuu hayo ya zamani ya koloni la Virginia yalirudishiwa sura yake ya kale. Mamia ya majengo mapya yakabomolewa ili ukale upate nafasi.

Na wapongezwe waliofanya hivyo. Zamani mtu alitiwa mkatale kwa kosa. Leo anaingiza shingo humo mwenyewe, akapigwa picha huku meno yote yako nje. Mhunzi anafua misumari mchana kutwa, na jioni ikifika anavua aproni akaenda zake nyumbani. Kumbe kazi za enzi ile zilikuwa nyepesi hivyo! Fundi wa nywele za bandia naye anakueleza kwa upole uungwana wa mabwana, unywele mmoja mmoja.

Wapo wasioridhika. Wanakumbusha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa Weusi, wengi wao kabisa watumwa. Lakini hao walifikiriwa: kwa miongo waliachwa wapumzike, hadi 1979 ulipoanzishwa mpango wa kuigiza maisha yao. Hisani iliyoje! Waliokwisha kufanya kazi bila ujira maisha yao yote, kuna haja gani ya kuwaharakisha?

Nenda, ndugu msomaji. Utatoka viatu safi, na dhamiri vilevile.