Mtumishi wa Nyanya

Kipupwe cha Nachingwea hakina adabu. Alfajiri ya mwezi wa nane mtu anatoka na sweta, kofia ya sufu na chai ya tangawizi mkononi. Ikifika saa nne sweta limefungwa kiunoni, saa sita anatafuta mwembe wa kujificha. Saa sita hiyohiyo, kitalu nyumba changu kilicho nyuma ya jiko ni tanuri la mikate.

Vitu hivi vilibuniwa na watu wenye theluji. Uholanzi wanafunga milango ili joto lisitoke. Mimi kazi yangu ni kulifukuza. Asubuhi napandisha mapazia ya pembeni, jioni nayashusha, na upepo wa kusi ukiyapiga usiku mama watoto ananiamsha nikaangalie nani anabisha hodi. Joto likipita nyuzi 35 chavua ya nyanya inakufa, maua yanapukutika, unabaki na majani mazuri ya kupigia picha.

Na hiyo chavua ina masharti yake. Nje, upepo na nyuki hufanya kazi bila kuombwa. Ndani upepo haupo, na nyavu za kuzuia wadudu zimemzuia na nyuki. Kwa hiyo kila asubuhi mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, napita mstari kwa mstari nikitikisa kamba zilizoshikilia mimea, moja moja, taratibu, ili ule unga wa njano udondoke panapotakiwa. Jirani alinichungulia juu ya ua wa mabua.

"Mzee, unazibembeleza?"

Sikumjibu. Nilikuwa nazibembeleza.

Nyavu zenyewe zimezuia kila mdudu isipokuwa yule ambaye ziliwekwa kwa ajili yake. Kantangaze, nondo wa kijivu asiyezidi punje ya mchele, katoka Amerika Kusini akaingia nchini 2014. Hawezi kushindwa na mlango wangu. Tunaingia naye pamoja. Ukiinua jani ulielekeze juani, unamwona funza wake amejilaza katikati, ngozi ya jani juu na ngozi ya jani chini, anakula huku kajifunika. Dawa haimfikii kirahisi. Mimi hata shuka langu lina tundu.

Halafu kuna salfa. Huu ndio wakati mikorosho inachanua, na bila salfa ubwiriunga unafagia maua yote, wilaya nzima ikalala njaa. Sina haki ya kulalamika. Nalalamika. Mashine zinaanza kunguruma kabla ya jua, umande ukiwa bado kwenye maua, na wingu la njano linavuka ua na kutua juu ya nailoni ya kitalu changu. Salfa hiyo inaua ubwiriunga wa nyanya pia, nashukuru. Lakini inakula ile dawa iliyochanganywa ndani ya nailoni kuikinga na jua, na sasa nailoni yangu inapasuka kwenye mikunjo. Kijana aliyeniuzia, kwenye maonyesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, alinieleza kila kitu cha dunia isipokuwa mkorosho. Nchi ya korosho hii!

Si mara ya kwanza Nachingwea kuuziwa ndoto. Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu, wakajenga na reli ya kwenda Mtwara. Mwaka 1951 waliachana nao, pauni milioni 36 hivi zimekwenda na maji. Wao angalau waliacha bandari huko Mtwara. Mimi nitaacha mipira ya kumwagilia kwa matone.

Mshauri wangu ni shemeji yangu wa Ruangwa, ambaye naye alinunua kitalu nyumba kama changu. Ukimpigia siku ambayo timu yao ya Namungo inacheza, nyanya hazipo duniani. Siku nyingine anajibu neno moja tu: "Kivuli, shemeji." Nikapanda gari kwenda kukiona hicho kivuli. Ametoa nailoni yote, juu kaweka wavu mweusi, pembeni kuko wazi. Yaani amebakiza nguzo. Chini yake kuna mchicha, figiri, na kuku aliyeatamia. Mboga anawauzia mama lishe wanaowapikia watu wa madini ya kinywe, na analipwa siku hiyohiyo.

Nikamwambia, shemeji, hiki si kitalu nyumba, hiki ni kibanda.

"Sawa shemeji. Wewe una kitalu nyumba. Nyanya unazo?"

Ninazo. Zipo za kuhesabika, nyekundu, zimenyooka, na sokoni nazikuta za akina mama wa mabondeni, zilizolala juani tangu zinaoteshwa, zimepangwa mafungu kwa bei isiyolipa hata kamba zangu. Mama watoto hununua hizo. Anasema zina maji.

Kwa hiyo mkienda Ngongo Agosti ijayo mkamkuta kijana amesimama mlangoni mwa kitalu nyumba kinachong'aa, msianze na bei. Muulizeni kwanza kama jirani yake ana mikorosho.